Fimbo ya Koitalel

Msomaji, asafiriye katika nyanda za Eldoret kati ya Aprili na Agosti hana budi kuijua mvua ya alasiri. Asubuhi huwa kweupe. Ifikapo saa nane mbingu imetanda, na kila mtu atafuta pa kujisitiri. Wengi huingia hotelini wakanywa chai. Mimi nakushauri uingie nyumba ya makumbusho, maana mvua humzuia mtu asipite mbio.

Ukielekea kaskazini utafika Kitale, ambako makumbusho yalitokana na vipepeo waliokusanywa na Kanali Stoneham. Ni mahali pazuri. Lakini vipepeo wale walikusanywa kwa wavu. Viko vitu vingine vilivyokusanywa kwa bunduki, na kwa ajili hiyo nakupeleka kusini, Nandi Hills, kwenye makumbusho ya Koitalel arap Samoei.

Koitalel alikuwa Orkoiyot, yaani kiongozi na mwaguzi wa Wanandi. Watu wake waliwapinga Waingereza tangu 1895, na reli iliyofika Kisumu mwaka 1901 waliihujumu mara kwa mara. Waya wa simu waliukata wakaufanya mapambo. Vyuma vya reli wakavifua silaha. Serikali iliuita wizi. Hata hivyo, yafikiri mikono iliyoutwaa waya wa mgeni na kuukunja ukawa pambo la shingo!

Tarehe 19 Oktoba 1905 Koitalel aliitwa kwenye mazungumzo ya amani. Alipofika, Richard Meinertzhagen, ofisa wa jeshi la Kiingereza, akampiga risasi, naye akafa. Mabaraza ya uchunguzi hayakumtia ofisa huyo hatiani. Fimbo na rungu la marehemu vikavuka bahari, vikakaa ugenini takriban miaka 100. Huko, mtu aliyevitazama angaliweza kusifu ustadi wa mchongaji, asijue kwamba kwa Wanandi vilikuwa ni mamlaka yenyewe. Basi, uonapo kazi ya sanaa ndani ya kioo, usiulize ni nzuri kiasi gani tu. Uliza pia ilitoka mkononi mwa nani, na kwa njia gani.

Vitu hivyo vilirudishwa Kenya mwaka 2006. Wako Wanandi washikao kwamba kichwa cha Koitalel nacho kilipelekwa Uingereza, na wametaka kirudishwe, wakizike.