Ramani ya Maji Ambayo Hayajafika



Tarehe 22 Februari 2000 yalitukia mambo mawili ambayo siku ile hakuna aliyeyahusisha. Chombo cha angani cha Marekani kiitwacho Endeavour kilirejea ardhini baada ya kuizunguka dunia kwa siku kumi na moja, kikipima kwa mionzi ya rada mwinuko wa nchi kavu, milima kwa mabonde. Siku iyo hiyo kimbunga Eline kiliipiga pwani ya jirani zetu wa Msumbiji, kusini ya mji wa Beira, na kumwaga mvua juu ya ardhi iliyokwisha kulowa tangu mwanzoni mwa mwezi. Vipimo vya chombo kile ndivyo hasa vilivyohitajika katika bonde la Limpopo juma lile. Lakini vilikuwa bado vimefungwa ndani ya kanda za sumaku.

Mto Limpopo ni mali ya nchi nne: Botswana, Afrika Kusini, Zimbabwe na Msumbiji, na Msumbiji ndiyo iliyo chini ya zote. Mvua inyeshayo Zimbabwe huchukua siku kadhaa kabla ya kuwa gharika katika mji wa Chokwe. Siku hizo ni nyingi kwa mtu anayejua aende wapi. Mwaka 2000 wengi hawakujua. Baadhi ya vipimio vya kina cha mto vilisombwa na mto wenyewe, na ilani zilizotangazwa ziliwaambia watu kwamba maji yanakuja bila ya kuwaambia yatakomea wapi. Mwisho wa juma lile Chokwe ilikuwa ndani ya maji, na baadaye sehemu za Xai-Xai. Waliokufa walikuwa takriban 700.

Dunia iliyakumbuka mafuriko yale kwa sababu ya helikopta. Jeshi la Anga la Afrika Kusini liliwanyanyua zaidi ya watu 14,000 kutoka juu ya mapaa na matawi, akiwemo mama aliyejifungua mtoto akiwa mtini. Sifa hiyo ni haki yao. Hata hivyo, kati ya watu wapatao 45,000 waliookolewa, walio wengi waliokolewa kwa mashua, na wengi wa waliozishika kasia na mashine walikuwa Wamsumbiji wenyewe, jambo ambalo halikuonekana sana katika picha za magazeti. Lakini askari aliyewahi kushiriki kazi ya uokoaji atauliza swali jingine: kwa nini watu wale walikuwa mitini?

Jibu moja limo katika ramani. Katika nchi tambarare kama ile ya Gaza, mistari ya mwinuko katika ramani za kawaida hukaa mbali mbali, na katikati yake hakuna linalosemwa. Wenyeji wa Rufiji wanalijua jambo hili bila ya ramani: nyumba mbili zinazotazamana, moja inazama na nyingine inabaki kavu, kwa tofauti ya kimo cha mtoto.

Kila ofisa aliyefundishwa kazi ya ramani anazijua karatasi angavu zinazotandazwa juu ya ramani ya vita: moja ina njia, nyingine ina nafasi za adui, nyingine ina vivuko. Mfumo wa taarifa za kijiografia, ambao Roger Tomlinson alianza kuujenga nchini Canada katika miaka ya 1960, ni karatasi hizo hizo zikiwa ndani ya kompyuta. Tabaka moja ni mwinuko wa ardhi, jingine ni mto, jingine ni vijiji, shule, zahanati na barabara. Mfumo huo hautabiri mvua. Kazi hiyo ni ya watu wa hali ya hewa. Ila ukiupa kina cha mto katika kituo cha juu, utakuonyesha kijiji kitakachozama kwanza, na barabara itakayokatika kabla ya malori yako kufika.

Mwaka 2003 shirika la serikali ya Msumbiji la kukabili maafa, pamoja na Chuo Kikuu cha Eduardo Mondlane na mradi wa FEWS NET, walitoa kitabu cha ramani za maafa katika bonde la Limpopo. Mwezi Novemba mwaka huo huo, mjini Maputo, nchi nne za mto zilitia saini mkataba wa kuunda tume yao ya pamoja. Januari 2013 Limpopo iliifunika tena Chokwe. Safari hii zaidi ya watu 100,000 waliondoka, na maelfu kwa maelfu walipiga kambi katika ardhi ya juu ya Chihaquelane. Vifo vilikuwepo, lakini vichache mno kuliko vya mwaka 2000, ingawa mji ule ule ulikuwa umezama.

Isidhaniwe kwamba ramani imemaliza kazi. Vipimo vya Endeavour, kwa sehemu kubwa ya Afrika, vilitolewa kwanza kwa miraba ya mita 90, na rada ile aghalabu ilipima vilele vya miti badala ya udongo. Kosa la mita chache si kitu mlimani; katika delta ni kijiji kizima.

Tena kuna jambo la amri. Usiku wa kuamkia tarehe 15 Machi 2019 kimbunga Idai kiliingia Beira. Umeme na simu vilikatika, kisha mito ya Buzi na Pungwe ikafurika. Setilaiti zenye rada, zionazo kupenya mawingu, zilionyesha zaidi ya kilomita za mraba 2,000 zikiwa chini ya maji. Ramani hizo zilikuwa nzuri na zilifika upesi kwa waliokuwa na mitambo ya kuzipokea. Mjini Buzi watu walikuwa juu ya mapaa wakingoja mashua, na zaidi ya Wamsumbiji 600 walikufa. Kamanda aliyepewa ramani zile alionyeshwa maji yalipo. Aliyoyahitaji ni yale ya siku mbili nyuma, na simu ya kuyapitisha hadi kwa mwenyekiti wa kijiji.