Uonjaji wa Divai na Haki ya Mkulima Mdogo katika Bourgogne

Kiswahili kina maneno mawili ya kinywaji kitokanacho na zabibu. La kwanza ni mvinyo, lililotoka katika Kireno, nalo katika vinywa vya watu limepanuka maana hata likaingiza vileo vikali vya namna nyingine. La pili ni divai, lililotoka katika Kifaransa, ambalo limeshikamana zaidi na zabibu. Kwa kuwa habari hizi ni za Ufaransa, neno la pili ndilo lifaalo hapa. Swali lenyewe ni hili: mtu aliyewekewa chupa mbili zenye jina moja la shamba, moja njema na moja mbovu, aamini jina au aamini ulimi wake? Katika nchi ya Bourgogne swali hili lilihusu riziki ya watu, hata likafikishwa mahakamani.

Sehemu ya Bourgogne iliyo mashuhuri kwa divai ni ukanda mwembamba wa vilima uitwao Côte d'Or, uanzao karibu na mji wa Dijon na kuelekea kusini kupita Beaune, urefu wake kiasi cha kilomita 50. Mizabibu hupandwa juu ya mteremko uelekeao mashariki, katika udongo wa mfinyanzi na mawe ya chokaa. Divai nyekundu iliyo bora hufanywa kwa zabibu za Pinot noir, na nyeupe kwa Chardonnay. Mwaka 1395 Mtawala Philippe, aliyepewa lakabu ya Jasiri, aliamuru mizabibu ya Gamay ing'olewe, kwa kuwa ilizaa kwa wingi lakini divai yake aliiona duni. Nao watawa wa Cîteaux, ambao nyumba yao iliasisiwa mwaka 1098, walilima kwa karne nyingi shamba la Clos de Vougeot, lenye ukubwa wa hekta 50 hivi, wakalizungushia ukuta wa mawe. Kwa kazi za watu kama hao kila kipande cha mteremko kilijulikana kwa udongo wake na jua lake, kikapewa jina lake. Vipande hivyo huitwa climats. Mwaka 2015 UNESCO iliviandika 1,247 katika orodha ya urithi wa dunia.

Majina yakadumu, lakini wenyewe wakabadilika. Wakati wa Mapinduzi ya Ufaransa mali ya Kanisa ilitwaliwa na Serikali, na mwaka 1791 Clos de Vougeot liliuzwa. Kisha Sheria ya Raia ya mwaka 1804 ikaagiza kwamba watoto wa marehemu warithi kwa usawa. Shamba la baba likagawanyika kwa watoto, na la mtoto kwa wajukuu, hata mtu akawa na mistari michache tu ya mizabibu hapa na mingine kule. Clos de Vougeot lenyewe lilikaa katika mkono mmoja kwa muda mrefu, walakini mwaka 1889 nalo liligawanywa, na leo lina wenyewe wapatao 80. Mmoja hupogoa kwa uangalifu, mwingine huacha mizabibu izae kupita kiasi; mmoja huvuna siku ifaayo, mwingine huharakisha kwa kuhofu mvua. Jina ni moja. Divai ni mbalimbali.

Mkulima wa hekta moja au mbili hakuwa na ghala kubwa, wala fedha za kununulia chupa, wala mjumbe wa kumwuzia ng'ambo. Aliiuza divai yake ingali ndani ya pipa la lita 228 kwa matajiri wa Beaune na Nuits-Saint-Georges. Hao walikusanya divai za wakulima wengi, wakazichanganya, wakazitia chupani kwa majina yao wenyewe. Walikuwamo waaminifu. Lakini kuanzia miaka ya 1870 mdudu aitwaye filoksera, aliyetoka Marekani, aliiharibu mizizi ya mizabibu, na dawa iliyofaa ilikuwa kuunganisha matawi ya Kifaransa juu ya mashina ya Kimarekani. Divai halisi ikawa adimu, na wachuuzi wengine wakachanganya divai za kusini na za Algeria, wakaziuza kwa majina makuu ya Bourgogne. Sheria ya mwaka 1905 ilikataza udanganyifu katika biashara, na ya mwaka 1919 iliwapa mahakimu uwezo wa kuamua jina la mahali ni haki ya nani.

Wakulima wawili walisimama mbele katika shauri hili: Marquis d'Angerville wa Volnay na Henri Gouges wa Nuits-Saint-Georges. Waliwashitaki matajiri waliotumia majina ya vijiji vyao kwa divai isiyotoka huko. Malipo yake yalikuwa machungu, maana matajiri waliacha kununua divai yao. Pipa lisilonunuliwa ni mzigo, kwa kuwa mavuno mapya hayangoji. Basi ikawalazimu kutia divai yao chupani wenyewe na kuiuza kwa jina lao. Raymond Baudoin, aliyeanzisha jarida la divai mwaka 1927, aliwatia moyo wakulima wa namna hiyo. Na Marekani ilipoondoa marufuku ya vileo mwaka 1933, Frank Schoonmaker alinunua divai zao na kuzipeleka huko. Mwaka 1935 Serikali ikaweka utaratibu wa majina ya asili kwa nchi nzima.

Hapo ndipo kazi ya mwonjaji ilipozidi thamani, maana sheria yaweza kuthibitisha divai ilikotoka, wala haiwezi kuapa kwamba ni tamu. Ghala za Bourgogne ziko chini ya ardhi, nazo zamani zilikuwa na mwanga wa mshumaa tu. Kwa hiyo waonjaji walitumia kikombe kipana cha fedha kiitwacho tastevin, chenye vishimo na mistari inayorudisha nuru ili rangi na uangavu vionekane. Divai huvutwa pipani kwa mrija wa kioo. Mwonjaji huitazama, huinusa, huizungusha kinywani, kisha huitema. Katika nyekundu, iliyochacha pamoja na maganda yake, hupima ukakasi: je, ni wa kulainika kwa miaka, au ni ukavu usio na tunda ndani yake? Katika nyeupe, ambayo maganda yake huondolewa kabla ya kuchacha, hupima uchachu: je, waamsha ulimi au waukata? Wageni wengi wamezoea kuanza na nyeupe, lakini katika ghala nyingi za huko nyekundu hutangulia, kwa kuwa uchachu wa nyeupe husafisha kinywa kilichochoshwa na ukakasi.

Mwaka 1934 kiliundwa huko Nuits-Saint-Georges chama kilichochukua jina lake katika kikombe hicho, nacho baadaye kikapata jumba la Clos de Vougeot. Tangu mwaka 1950 chama hicho huwaita waonjaji wapime divai bila kujua zimetoka kwa nani, na zile zinazokubaliwa hupewa alama yake. Tajiri na mkulima mdogo hupimwa kwa kipimo kimoja.

Methali husema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Katika Bourgogne kibaya kilijitembeza kwa muda mrefu kikiwa kimevaa jina la kizuri, na kizuri hakikuweza kujiuza hata kiliporudishiwa jina lake. Ndiyo sababu mnunuzi mwenye maarifa husoma mambo mawili katika chupa ya huko, jina la ardhi na jina la aliyeilima, kisha huonja.