Kiti Mwendo na Historia ya Umbali Ngorongoro

Tunapojadili haki ya mtu atumiaye kiti mwendo kupata matibabu, aghalabu mjadala huanzia na kuishia kwenye ngazi za mlango wa hospitali. Hoja yangu ni kwamba, katika Karatu na Ngorongoro, ngazi hizo ni kizuizi cha mwisho. Vilivyotangulia viliwekwa na historia.

Mwaka 1959 Wamaasai waliotolewa Serengeti waliahidiwa makazi katika Hifadhi ya Ngorongoro, ambako binadamu, mifugo na wanyamapori wangeishi pamoja. Tangu hapo, ujenzi na kilimo vimetawaliwa na masharti ya uhifadhi. Mwanzoni mwa karne hii lami ilitandazwa kutoka Makuyuni, ikapita Karatu mjini na kukoma kwenye Lango la Lodoare. Ilifuata nyayo za watalii. Ng'ambo ya lango, mgonjwa atokaye Endulen hupanda kwa njia ya vumbi na makorongo hadi ukingo wa kreta, zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari. Magurudumu membamba hayakuundwa kwa ardhi hiyo. Mwenye kiti hubebwa, au hungoja gari.

Sheria nayo ilikuwa na safari yake. Zile za mwaka 1982 zilimtazama mtu mwenye ulemavu kama mtu wa kutunzwa na kutengewa nafasi za ajira. Mwaka 2009 Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa, na Sheria Na. 9 ya mwaka 2010 ikatamka kuwa matibabu na majengo yanayofikika ni haki yake.

Ndipo ukaja mwaka 2022. Ndege za Flying Medical Service, zilizokuwa zikipeleka kliniki vijijini, zilisimamishwa. Hospitali ya Kanisa Katoliki Endulen ikashushwa hadhi kuwa zahanati, huku kaya zikihamishiwa Msomera, Handeni. Serikali husema uhamaji huo ni wa hiari. Lakini huduma inaposogea mbali, mwenye miguu mizima huweza kuifuata Karatu. Asiyeweza kutembea hubakiwa na mawili: kuhama au kukosa tiba. Hiari ya namna hiyo si hiari kamili.

Njia mteremko kwenye zahanati ni jambo jema. Hata hivyo, haki ya mwaka 2010 haina budi kupimwa tangu mlango wa boma, si tangu mlango wa daktari.