Paliwa na sakamwa

paliwa kt. Kuingiwa na chakula au kinywaji katika njia ya pumzi, hata kukohoa: *Mtoto amepaliwa na uji.*

sakamwa kt. Kuzibwa koo na kitu kilichokwama: *Mtoto amesakamwa na kipande cha muhogo.*

Matumizi: Mtoto wa miezi 6 anayeanzishwa chakula, Kwamsisi kama kwingineko, mara nyingi hutoa ulimi, hulengwa na machozi na kutaka kutapika, kisha chakula hurudi mbele. Huko si kupaliwa wala kusakamwa, koo linajikinga. Aliyepaliwa hukohoa kwa sauti. Aachwe akohoe, huku akiangaliwa. Aliyesakamwa hukosa sauti ya kulia na ya kukohoa, kwa kuwa pumzi haipiti. Huyo alazwe kifudifudi juu ya mkono, kichwa kikielekea chini, apigwe mara 5 katikati ya mabega. Kisha ageuzwe, abonyezwe kifuani mara 5. Hayo yarudiwe huku msaada ukiitwa. Kidole kisitiwe kinywani kutafuta kisichoonekana.

Anayeita jirani aseme “amesakamwa”, asiseme “amepaliwa”: kwa la pili jirani huja akitembea.