Zawadi ya sikukuu: bao la trei ya mayai

Mama mwenzangu, sikukuu inanukia na bei za midoli unaziona mwenyewe. Leo tuongelee bao.

Ukifika Hyrax Hill, karibu na Nakuru kule Kenya, utakuta vishimo vya bao vimechongwa kwenye mwamba wenyewe. Pwani mafundi walichonga ya mbao. Kwingine watoto walichimba tu mashimo ardhini, wakaokota kokoto, mchezo ukaanza. Hakuna aliyenunua kitu. Kilichohitajika ni mkubwa wa kukaa chini na kukufundisha. Mwalimu Nyerere naye alilipenda bao, na urais wake wote ule!

Bao letu la Kiswahili lina mashimo 32, safu nne za nane nane, na kete 64. Kete za asili ni komwe, zile mbegu ngumu za kijivu. Wewe chukua trei mbili za mayai, kila moja kata kipande cha vishimo vinne kwa vinne, gundisha ubavu kwa ubavu. Anayeanza mwekee kete mbili mbili kila shimo. Mambo ya nyumba na kunamua atafundishwa na babu yake.

Sasa niwe nesi kidogo. Kama kete zako ni maharage na kuna mtoto wa chini ya miaka mitatu, zikae mbali naye. Haragwe likiingia puani linanyonya unyevu, linavimba. Usichokonoe jamani, mlete hospitali. Likienda njia ya hewa, linaua.

Mchezo ukiisha hesabuni pamoja: 64. Zikiwa 63, halali mtu.