Wachungaji wa Boston na Usiku wa Ijumaa

Katika mwezi wa Mei 1992, waombolezaji walikusanyika katika kanisa la Morning Star Baptist, mtaa wa Mattapan mjini Boston, Marekani, kumzika kijana aliyeuawa kwa risasi. Ibada haijaisha, kundi la vijana liliingia, likamvamia kijana mmoja miongoni mwa waombolezaji na kumchoma kisu mbele ya watu wote. Miaka miwili nyuma, 1990, watu 152 walikuwa wameuawa katika mji huo usiofikia wakazi 600,000. Wachungaji weusi walihubiri amani kila Jumapili, walakini wenye bastola hawakuwamo kanisani.

Baada ya tukio hilo Eugene Rivers, Ray Hammond, Jeffrey Brown na wenzao waliunda umoja ulioitwa TenPoint Coalition, kwa sababu ya mambo kumi waliyoyataja kuwa wajibu wa makanisa. Rivers, mkazi wa Dorchester, alikwisha kuambiwa na muuza madawa ya kulevya neno lililomchoma: kwamba mtoto aendapo shule, na arudipo, na atumwapo dukani usiku, muuzaji yupo njiani, mchungaji hayupo. Basi wakatoka. Kila Ijumaa walitembea mitaani hata baada ya usiku wa manane. Vijana waliwatazama kwa mbali kwanza. Brown amesimulia kuwa ilimbidi aache kuhubiri, asikilize.

Lakini kutembea usiku ilikuwa sehemu nyepesi ya kazi yao. Iliyo nzito ilikuwa kukaa meza moja na polisi. Mwaka 1989 Charles Stuart, mzungu, alimwua mkewe mja mzito, akasingizia mtu mweusi. Polisi wakawapekua vijana weusi ovyo katika mtaa wa Mission Hill, hata uongo ulipofichuka Januari 1990. Nani baada ya hayo angeshirikiana na polisi asiitwe kibaraka? Rivers mwenyewe alikuwa mkosoaji wao mkali. Hata hivyo walikubaliana kuwa wauaji ni wachache: hao sheria iwashike, wengine wapewe kazi na masomo, na polisi wakionea watu, wachungaji wawakemee hadharani. Mpango wa Operation Ceasefire ulipoanza 1996, wanamagenge waliitwa mkutanoni wakaonywa na polisi, na papo hapo wakapewa mkono wa msaada.

Mwaka 1999 waliouawa walikuwa 31. Wataalamu hubishana kiasi gani cha sifa ni cha wachungaji, maana mauaji yalipungua katika miji mingine pia. Mimi naona kwamba bila wao polisi wasingeaminiwa na mtu. Baada ya 2000 viongozi hao walifarakana, matembezi yakalegea, na mauaji yakaongezeka tena. Vijana wa 1992 walikuwa wamekwisha kuwa watu wazima; wadogo zao waliokuja kusimama katika pembe zile zile za barabara hawakuzijua nyuso za wachungaji.