Kutopendelea na Kutojali: Kivumishi cha Kiingereza kati ya Lilongwe na Dzaleka

Kivumishi cha Kiingereza "indifferent" hapo kale kilikuwa sifa. Katika kitabu cha sala cha Kanisa la Uingereza cha mwaka 1662, hakimu wa namna hiyo ni yule asiyependelea upande wowote. Maana ya kutojali ndiyo iliyotawala baadaye.

Dzaleka, wilayani Dowa, ilikuwa gereza la kisiasa zama za Kamuzu Banda; mwaka 1994 ikafanywa makazi ya wakimbizi. Wakongo, Warundi na Wanyarwanda huzungumza Kiswahili humo, ilhali ofisi za Lilongwe, kilomita zisizozidi 50 kutoka hapo, huandika Kiingereza. Kiswahili hakina kivumishi kimoja cha kulipokea neno hilo. "Asiyejali" limejengwa juu ya kitenzi, hivyo humtaja mtu na kumlaumu papo hapo. (Hata "shauri yako", tamko la kumtupa mtu, lilizaliwa na neno la kushauriana.) Mkalimani akiteleza, afisa mwadilifu huwa katili, na mkimbizi aliyechoka kusimulia msiba uleule, akaongea kwa sauti kavu, huandikwa kuwa hajali.